Notisi ya ujauzito kazini: tathmini ya utaratibu wa Tanzania Bara, na wiki ya kumwambia mwajiri

Hapa tunaupima utaratibu ambao kila mwanamke aliyeajiriwa sekta binafsi Tanzania Bara huupitia akishika mimba: notisi kwa mwajiri, likizo ya uzazi ya siku 84, na fao la uzazi la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Ni huduma yenye masharti yake, karatasi zake na mahali pake pa kukwama. Anayeijua huondoka na kila siku na kila shilingi anayostahili. Mwenzake wa meza ya pili, mwenye haki zilezile, huambulia nusu kwa sababu alichelewa kuandika barua, au aliiandika na hakubaki na nakala.

Alama zetu ni tatu na nusu kati ya tano. Sheria inayosimamia jambo hili, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, inamjali mama kuliko wafanyakazi wengi wanavyodhani. Alama moja na nusu tumeikata kwa likizo iliyo fupi, kwa sheria kunyamaza kuhusu siku za kliniki, na kwa sharti la miezi sita ya utumishi linalowaumiza walio wapya kazini. Namba za vifungu tutakazotaja ni za sheria hiyo kama ilivyotungwa mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo aliyeajiriwa Unguja au Pemba asitumie hesabu za hapa.

Lini umwambie mwajiri?

Sheria inadai kitu kimoja tu. Kifungu cha 33 kinasema mfanyakazi atoe notisi ya kwenda likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na notisi hiyo iambatane na cheti cha daktari. Kwa hesabu ya wiki, mwisho huo unaangukia mama akiwa na wiki 27 hivi. Kabla ya hapo hakuna kifungu kinachomlazimisha kusema chochote.

Wengi wakishalijua hilo huamua kunyamaza hadi tumbo liseme lenyewe. Sisi tunashauri vingine, na sababu ni moja: ulinzi wote wa sheria hii unaegemea kwenye jambo ambalo mwajiri analijua. Kifungu cha 37 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 7 kinauweka ujauzito kwenye orodha ya mambo ambayo ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwayo, na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Lakini mama akiachishwa kazi akiwa na mimba ya miezi minne ambayo hajamwambia mtu, mwajiri atasema mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwamba hakujua. Na huwezi kumbagua mtu kwa jambo usilolijua. Barua iliyopokelewa kwa muhuri kabla ya tukio huifunga njia hiyo ya kutokea.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua mbili. Ya kwanza ni taarifa fupi ya maandishi kati ya wiki ya 13 na ya 16, isiyo na tarehe za likizo, inayosema tu kwamba una ujauzito na kwamba notisi rasmi itafuata. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika kabla ya wiki ya 13, ndiyo maana tunaanzia hapo. Mama anabaki na siri yake katika kipindi ambacho huenda asingependa kueleza msiba kwa ofisi nzima. Hatua ya pili ni notisi yenyewe, pamoja na cheti cha daktari, kati ya wiki ya 24 na ya 26. Hapo unakuwa na wiki moja hadi tatu za akiba kabla ya mwisho wa kisheria, na mwajiri anapata muda wa kutosha wa kutafuta wa kushika nafasi yako.

Kuna watu ambao ratiba hii haiwafai kabisa. Anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei, anayepulizia dawa kwenye shamba la maua, anayegusa zebaki kwenye uchenjuaji wa dhahabu, anayeshughulika na rangi na viyeyushi kiwandani: huyu aseme wiki hiyohiyo kipimo kinapoonyesha mistari miwili. Viungo vya mtoto hujengeka kati ya wiki ya 5 na ya 10 tangu hedhi ya mwisho. Akisubiri wiki ya 13, kipindi cha hatari kubwa kimeshapita na hakirudi. Kifungu cha 33 kinamkataza mwajiri kumruhusu mjamzito au anayenyonyesha kufanya kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na kinamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyopungua ya awali. Maana yake mshahara haushuki kwa sababu umetolewa kwenye dawa na kupelekwa kwenye ufungashaji. Posho ya mazingira hatarishi ndiyo hugombaniwa hapa, kwa hiyo iulizie siku hiyohiyo na upate jibu kwa maandishi.

Wa zamu za usiku nao wana tarehe yao. Sheria inaita usiku muda wa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mjamzito haruhusiwi kupangiwa kazi muda huo katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, wala miezi miwili baada ya kujifungua. Daktari akiandika kwamba hali yake haimruhusu, katazo linaanza mapema zaidi. Muuguzi, mlinzi na mhudumu wa hoteli wanaosubiri msimamizi akumbuke mwenyewe huendelea kuona majina yao kwenye ratiba ya usiku. Anayepanga zamu hukumbuka kilicho mbele yake, basi cheti kiwekwe mbele yake.

Hesabu ya tarehe

Makosa mengi huanzia kwenye kalenda. Tuchukue mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Machi 2026. Kanuni ya kliniki ni kuongeza siku 7 na miezi 9, tunapata 17 Desemba 2026. Anayehesabu siku 280 kwa kidole kwenye kalenda atapata 15 Desemba. Tofauti ya siku mbili ni ya kawaida na haina madhara kwa afya, ila kwenye karatasi tumia tarehe moja tu: ile iliyoandikwa na mtoa huduma kwenye kadi ya kliniki, na uhakikishe cheti cha daktari kinataja hiyohiyo. Kadi ikisema hivi, cheti hivi na barua vile, idara ya rasilimali watu, HR, watairudisha bahasha nzima, na wewe siku zinakuishia. Ukifanya utrasaundi ya mapema na tarehe ikabadilishwa, mwombe mhudumu airekebishe kadi kabla hujaomba cheti.

Kutoka 17 Desemba, rudi nyuma. Miezi mitatu kabla ni 17 Septemba. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya notisi. Zamu za usiku zinakoma 17 Oktoba. Likizo inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya kujifungua, yaani 19 Novemba, au mapema zaidi iwapo daktari atathibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji.

Hapa ndipo uamuzi wenye thamani kubwa ulipo, na wengi huupita bila kuufikiria. Siku 84 ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mama akianza 19 Novemba, siku ya 84 ni 10 Februari 2027 na anaripoti kazini tarehe 11, mtoto akiwa na wiki 8 ikiwa alizaliwa siku iliyotarajiwa. Akifanya kazi hadi 9 Desemba na kuanza likizo tarehe 10, anarudi 4 Machi na mtoto ana wiki 11. Wiki tatu hizo ni nyingi kwa mtoto anayenyonya. Kwa mwenye kazi ya mezani na mimba isiyo na shida, tunapendekeza kuanza wiki moja au mbili kabla. Kwa anayesimama kutwa nzima au anayepanda daladala mbili kila asubuhi, wiki nne ni haki yake na asione haya kuzichukua zote. Baada ya kujifungua kuna katazo la wiki sita: hakuna kurudi kazini ndani ya muda huo mpaka daktari athibitishe kwamba mama yuko fiti.

Mapacha hubadilisha hesabu. Likizo yao ni siku 100, na kwa kuwa huzaliwa mapema mara nyingi, notisi ya mimba ya mapacha isisubiri wiki ya 26. Iandike mara tu utrasaundi inapoonyesha watoto wawili, na useme ndani ya barua kwamba unaomba siku 100. Kuhusu njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua kabla ya wakati. Aliyefikwa na hilo apeleke HR karatasi ya hospitali inayotaja umri wa mimba siku ya kujifungua, kwa sababu hesabu ya nyongeza inaanzia kwenye karatasi hiyo.

Barua na cheti

Kadi ya kliniki, ile RCH 4, si cheti cha daktari. Ofisi nyingi hupokea nakala yake na mambo yakaenda, lakini sheria imesema cheti, na siku ya mgogoro kitakachoulizwa ni hicho. Omba kituoni karatasi yenye kichwa cha hospitali au zahanati, jina lako kama lilivyo kwenye mkataba wa kazi, umri wa mimba siku ya kupimwa, tarehe ya matarajio, jina na sahihi ya daktari, na muhuri. Jina ndilo husumbua zaidi: kliniki umejiandikisha kwa jina la mume, kazini unajulikana kwa la baba. Litengeneze mapema, maana NSSF nao watalikagua jina hilohilo.

Barua iwe fupi. Mfano wa mwili wake, ukiacha anwani:

YAH: NOTISI YA LIKIZO YA UZAZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, natoa notisi kwamba natarajia kujifungua tarehe 17 Desemba 2026. Nakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe 3 Desemba 2026 na kuripoti kazini tarehe 25 Februari 2027. Endapo nitajifungua kabla ya tarehe niliyopanga, naomba likizo ihesabiwe kuanzia siku ya kujifungua. Nimeambatisha cheti cha daktari.

Sentensi ya kuanzia na «Endapo» ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mama aliyejifungua tarehe 20 Novemba hupigiwa simu akiwa wodini kuulizwa kwa nini hajaripoti kazini. Barua iende kwa mkurugenzi au mkuu wa taasisi, kupitia kwa mkuu wa idara kama ndio utaratibu wa ofisi. Chapa nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na jina la aliyeipokea. Kama ofisi haina masijala wala muhuri, aliyepokea aandike kwa mkono «nimepokea», tarehe na sahihi. Kisha piga picha na uitume kwa barua pepe yako binafsi, si ya kazini, kwa sababu akaunti ya kazini hufungwa siku mtu anapoondoka.

Ujumbe wa WhatsApp kwa bosi si notisi, ila ni ushahidi kwamba alijua. Ukimwambia kwa mdomo kwanza, kama wengi wanavyofanya kwa heshima, basi jioni hiyo mtumie ujumbe wa kumshukuru kwa mazungumzo na utaje neno ujauzito humo. Mwanzie msimamizi wako wa karibu kabla ya HR. Msimamizi anayesikia habari hizi kwenye korido huanza kuhisi amedharauliwa, na huyo ndiye atakayekupangia kazi kwa miezi sita ijayo.

Ukichelewa je? Kifungu cha 33 hakitaji kwamba aliyechelewesha notisi anapoteza likizo. HR wakikwambia hivyo, omba wakuandikie na wataje kifungu. Wakati huohuo toa notisi hata kama imebaki wiki nne, pamoja na cheti, na ueleze kwa sentensi moja sababu ya kuchelewa.

Walio wapya kazini na wa mikataba mifupi

Hili ndilo eneo gumu, na ndipo utaratibu huu unapopoteza alama. Mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Pia masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu aliye chini ya miezi sita. Ndiyo maana kipindi cha matazamio huwatia wajawazito hofu, na hofu hiyo ina msingi.

Piga hesabu kwanza. Aliyeanza kazi akiwa na mimba ya wiki 10 anatimiza miezi sita akiwa na wiki 36 hivi, yaani wakati uleule likizo inaporuhusiwa kuanza. Aliyeanza na wiki 12 anatimiza akiwa na wiki 38. Akisubiri hadi hapo kuanza likizo, malipo ni yake. Aliyeanza na wiki 18 hafiki, na kwake heri kuzungumza mapema apate makubaliano ya maandishi kuliko kusubiri HR wagundue. Kwa wa makundi mawili ya kwanza, hakuna sababu ya kisheria ya kutoa taarifa ya wiki ya 13 akiwa bado kwenye matazamio, isipokuwa kazi yake iwe ya hatari. Akiondolewa kwa sababu ya mimba bado anao ulinzi wa kifungu cha 7 dhidi ya ubaguzi, kwa kuwa huo hauna sharti la miezi sita, lakini njia hiyo ni ndefu na inahitaji ushahidi mwingi.

Wa mikataba ya mwaka mmojammoja wakumbuke kifungu cha 36. Kutohuisha mkataba wa muda maalumu, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Matarajio hayo yanajengwa na vitu vinavyoonekana: mkataba uliohuishwa mara tatu mfululizo, barua pepe ya bosi inayokupangia kazi za mwaka ujao, bajeti yenye jina lako. Vikusanye kabla ya kutoa taarifa. Kifungu hichohicho kinasema pia kwamba kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi ni kumwachisha kazi. Maneno kama «tumeshamzoea aliyeshika nafasi yako» hayana pa kusimamia.

Kuna dhana nyingine iliyoenea kwamba likizo ya uzazi hulipwa kila baada ya miaka mitatu tangu kujifungua mara ya mwisho. Sivyo ilivyoandikwa. Mzunguko wa likizo ni miezi 36 ya kazi inayohesabiwa tangu siku ya kuajiriwa, kisha tangu mwisho wa mzunguko uliotangulia. Aliyeajiriwa 1 Julai 2022 alimaliza mzunguko wa kwanza 30 Juni 2025. Kama alichukua likizo ya uzazi Machi 2025, mzunguko mpya ulioanza 1 Julai 2025 una siku zake 84 nyingine, hata mtoto wa kwanza akiwa na miaka miwili tu. Barua nyingi za kukataa malipo zimeandikwa kwa kutojua hili, kwa hiyo toa mkataba wako kabatini uisome tarehe ya kuanza kazi. Mwajiri halazimiki kulipa zaidi ya likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja. Na mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama ana haki ya siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko huohuo.

Fao la NSSF

Mshahara wa siku 84 ni wajibu wa mwajiri. Fao la uzazi la NSSF ni dai la mwanachama kwa mfuko wake, na mengi hupotea hapa kwa sababu hakuna mtu ofisini mwenye kazi ya kukukumbusha. Sharti ni michango ya miezi isiyopungua 36, na kati yake 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Michango ya kazi zilizopita inahesabiwa, haianzi upya ukibadilisha mwajiri. Fao la fedha ni wastani wa kipato chako kwa asilimia 100 kwa wiki 12: nne za kabla na nane za baada ya kujifungua.

Kinachoharibu dai ni michango iliyokatwa kwenye mshahara isifike kwenye mfuko. Hati ya mshahara inaonyesha makato, taarifa ya NSSF inaonyesha pengo la miezi minane. Chukua taarifa ya michango mara tu unapojua una mimba, siyo baada ya kujifungua. Ukikuta pengo ukiwa na wiki 12, una miezi sita ya kumfuatilia mwajiri na kulipeleka jambo ofisi ya NSSF ya wilaya ukiwa na hati za mshahara mkononi. Ukiligundua mtoto akiwa na mwezi mmoja, utabeba mtoto na foleni kwa pamoja. Na kwa kuwa fomu hupitia kwa mwajiri kuthibitishwa, hii ni sababu nyingine ya kutoficha hadi mwisho. Dai lina ukomo wa muda. Tangazo la kizazi likitoka hospitali, anza kufuatilia cheti cha kuzaliwa wiki hiyo.

Yanayokosekana

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane ya kliniki: la kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kifungu cha 33 hakina neno kuhusu ruhusa yenye malipo ya kuyahudhuria. Kliniki ya serikali humaliza nusu siku, na mfanyakazi anaishia kula likizo yake ya mwaka au kuomba kwa hisani. Kasoro hii ndiyo inayoifanya siri isidumu: ruhusa ya asubuhi mara ya tatu, kila mtu ameshajua. Kichefuchefu kikizidi, chukua kwa daktari karatasi ya ED, ile ya kukupumzisha kazi kwa ugonjwa. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na siku hizo hazikatwi kwenye 84 za uzazi. Kuna waajiri wanaojaribu kuzihesabu pamoja, kataa. Hata mimba ikiharibika, njia iliyo wazi ya kupumzika kwa malipo ni hiyo ya ugonjwa.

Siku 84 zenyewe ni wiki 12, wakati Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataja wiki zisizopungua 14. Pengo hilo wakati mwingine huzibwa na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Ukiwa mwanachama wa chama kama TUICO, au TPAWU mashambani, muulize mwakilishi wa tawi kama mkataba wenu una siku zaidi au ruhusa ya kliniki, kabla hujaandika barua.

Tukiulinganisha na wa Kenya, utaratibu wetu umebana zaidi kwa notisi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, kwa notisi ya maandishi ya siku 7 tu, na haina sharti la miezi sita ya utumishi. Baba huko ana wiki mbili. Wa kwetu kwa sheria ya 2004 ana siku 3. Lakini Kenya hakuna fao la uzazi la fedha kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, mzigo wote ni wa mwajiri, na jambo hilo huwafanya baadhi ya waajiri wadogo wasite kuajiri wanawake. Kwa upande huu Tanzania iko mbele.

Baada ya likizo

Unaporudi, masharti ya kazi ni yaleyale uliyoyaacha. Una haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Sheria haisemi zigawanywe vipi, kwa hiyo pendekeza wewe, kwa maandishi, wiki moja kabla ya kuripoti. Anayeishi mbali na kazi hunufaika zaidi akiziunganisha na kutoka saa 9 alasiri badala ya saa 11, kuliko kupewa mapumziko mawili ya saa moja ambayo hayamfikishi nyumbani. Mlinzi wa getini apewe nakala ya makubaliano hayo.

Ukizuiwa kurudi, au ukiachishwa wakati wowote kwa sababu ya mimba, siku zinaanza kuhesabiwa palepale. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60, kwa kujaza Fomu Na. 1 na kumpa mwajiri nakala. Wengi hupitisha mwezi mzima wakibembeleza ofisini kwa maneno. Endelea kubembeleza ukitaka, ila fomu iwe imeshapokelewa. Peleka mkataba, hati za mshahara za miezi mitatu, cheti cha daktari, na ile nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.